Uhasama wa Dean Ambrose na Seth Rollins

Uhasama wa Dean Ambrose na Seth Rollins ulikuwa mfululizo wa mapambano ya mieleka ya kulipwa katika kampuni ya WWE ya Marekani. Ulianza mwaka 2014, Rollins alipowasaliti wenzake wa kundi la The Shield. Mwaka 2018 mambo yaligeuka, na safari hii msaliti akawa Ambrose. Kama ilivyo desturi ya mieleka hiyo, kisa na washindi hupangwa na kampuni, lakini baadhi ya majeraha huwa ya kweli.

Chanzo

Ambrose (jina halisi Jonathan Good), Rollins (Colby Lopez) na Roman Reigns waliingia kikosi kikuu cha WWE pamoja kama The Shield tarehe 18 Novemba 2012. Tarehe 1 Juni 2014 walilishinda kundi la Evolution lililoongozwa na Triple H. Usiku uliofuata, mjini Indianapolis, Rollins aliwapiga wenzake wawili kwa kiti cha chuma na kujiunga na Triple H.

Kisasi cha Ambrose

Ambrose alianza kumwandama Rollins kila alikokwenda. Tarehe 29 Juni 2014 Rollins alishinda mkoba wa Money in the Bank, unaompa mwenyewe haki ya kugombea ubingwa wakati wowote, baada ya Kane kumzuia Ambrose. Tarehe 18 Agosti Rollins alimkandamiza kichwa kwenye matofali ya saruji. Katika hadithi, Ambrose aliumia. Kwa kweli alipewa nafasi ya kwenda kuigiza filamu ya 12 Rounds 3: Lockdown.

Walikutana tena ndani ya kizimba cha Hell in a Cell tarehe 26 Oktoba 2014 mjini Dallas, ambako Rollins alishinda baada ya Bray Wyatt kuingilia.

Rollins alitwaa ubingwa wa dunia wa WWE mwezi Machi 2015. Tarehe 31 Mei Ambrose alimshinda, lakini kwa sababu Rollins aliondolewa kwa kuvunja kanuni, ubingwa haukuhama. Ambrose aliondoka na mkanda hata hivyo. Tarehe 14 Juni Rollins aliurudisha katika pambano la ngazi.

Kisasi kilitimia tarehe 19 Juni 2016 mjini Las Vegas. Rollins alikuwa ametoka kumshinda Reigns na kuwa bingwa. Ambrose, aliyeshinda mkoba usiku huohuo, akautumia na kumvua ubingwa kabla hajapumua.

Usaliti wa pili

Wawili hao walipatana mwaka 2017 na kushinda pamoja ubingwa wa timu tarehe 20 Agosti. Tarehe 22 Oktoba 2018 Reigns alitangaza kuwa saratani ya damu imemrudia. Ugonjwa huo haukuwa sehemu ya hadithi. Usiku huohuo Ambrose na Rollins walitwaa tena ubingwa wa timu, kisha Ambrose akamgeukia mwenzake na kumpiga. Tarehe 16 Desemba alimnyang'anya ubingwa wa Intercontinental.

Mwisho

Reigns alirudi tarehe 25 Februari 2019, na watatu hao wakaungana tena. Pambano lao la mwisho lilifanyika Moline, Illinois, tarehe 21 Aprili 2019. Ambrose aliondoka WWE mwezi huo na kujiunga na kampuni ya AEW kwa jina la Jon Moxley.