Jaji Anayempura Mlanguzi

Kila bei ya unga inapopanda, katuni moja ya London hunirudia kichwani. Isaac Cruikshank aliichora Agosti 1800. Jaji mzima, na wigi lake, kashika fimbo ya kupuria nafaka na anamshushia mfanyabiashara kipigo. Jina la katuni linacheza na maneno, maana kwa Kiingereza kupura nafaka na kumcharaza mtu vilikuwa neno moja.

Jaji ni Lord Kenyon. Anayepigwa ni John Rusby, ambaye alinunua vipimo 90 vya oti kwa shilingi 41 kimoja, na siku hiyohiyo, soko lilelile, akauza 30 kwa shilingi 44. Faida ya shilingi tatu kwa kipimo! Utasema ni biashara tu. Lakini mwaka huo wastani wa bei ya kipimo cha ngano ulipita shilingi 110, wakati 1792 ulikuwa kama 43. Mkate ulikuwa umewaponyoka watu.

Bunge lilishafuta sheria za kupinga ulanguzi mwaka 1772. Kenyon akashikilia kwamba sheria ya mapokeo, ile ya tangu enzi za mababu, bado ipo, na wazee wa baraza wakamtia Rusby hatiani. Watu wakashangilia. Nyumba yake nayo ikavamiwa na umati. Kesi iliporudi mbele ya majaji kwa hoja za kisheria, wakagawanyika nusu kwa nusu, na Rusby hakuadhibiwa. Kwa hiyo kile kipigo kilibaki kwenye karatasi.

Mimi kama mwandishi wa habari naipenda katuni hii, ila naionea shaka. Mavuno ya 1799 yaliharibika, ya 1800 nayo hayakuwa na nafuu, na Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa. Mvua mbaya haina sura wala tumbo la kuchora. Mlanguzi anavyo vyote. Isitoshe, picha hizo zilinunuliwa na wenye nafasi. S. W. Fores, aliyeichapisha hii, alikuwa na duka Piccadilly, mtaa wa wakubwa. Asiye na hela aliziangalia bure dirishani, akacheka, kisha akaenda kutafuta mkate kwa bei ileile.

Sheria yenyewe ya Kenyon ilifutwa kabisa mwaka 1844.