Wanasesere Watambuzi wa Mavazi

Wanasesere watambuzi wa mavazi ni wanasesere wa kielektroniki wanaobaini nguo waliyovishwa, chakula cha bandia walichotiwa kinywani au kifaa walichopewa, kisha wakajibu kwa sauti, kwa kusogeza uso au kwa kuacha kulia. Ni tawi la wanasesere wasemao, ila msemaji wa kawaida huamshwa kwa kubonyezwa tumbo au kuvutwa uzi, na hajui amevaa nini. Tawi hili lilichanua Marekani kati ya mwaka 1998 na 2005, na mfano wake maarufu ni Amazing Amanda wa kampuni ya Playmates Toys. Nje ya maduka ya vitu vya kuchezea, teknolojia hiyo imeacha alama kubwa zaidi shuleni, kupitia mwanasesere wa mafunzo ya malezi aitwaye RealCare Baby.

Namna wanavyotambua

Hakuna hata mmoja kati yao anayeiona nguo. Wanachokitambua ni alama iliyofichwa ndani ya nguo, nayo huwa ya aina tatu.

Iliyo rahisi kuliko zote ni sumaku. Ndani ya kinywa au kifua huwekwa swichi yenye vibati viwili vyembamba vya chuma vilivyofungiwa katika kichupa cha kioo. Sumaku ikikaribia, vibati hugusana na umeme hupita. Ndivyo wanavyofanya wanasesere wachanga wengi wanaonyamaza wakitiwa chuchu bandia. Kasoro yake ni kwamba sumaku zote ni sawa: mwanasesere hawezi kujua kama kilicholetwa ni chuchu, chupa ya maziwa au kile kisumaku cha kubandika karatasi kwenye mlango wa friji.

Aina ya pili ni mguso wa metali. Nguo huwa na vifungo viwili vya chuma vilivyounganishwa na rezista ndogo, na kila nguo ina kiwango chake cha ukinzani. Vifungo hivyo vikikutana na vya mwilini, sakiti hupima ukinzani na kuulinganisha na orodha iliyomo kwenye kumbukumbu: kiwango hiki ni gauni la kulalia, kile ni koti la mvua. Njia hii ni ya bei nafuu, lakini vifungo hushika uchafu na kutu, na mtoto asipovibana sawasawa mwanasesere huhesabu kwamba yu uchi.

Ya tatu ni utambuzi kwa mawimbi ya redio, ujulikanao kwa kifupi kama RFID, jina lililoingia katika hataza kupitia Mmarekani Charles Walton mwaka 1983. Koili ya antena iliyomo mwilini mwa mwanasesere hutoa uga wa sumaku unaobadilika-badilika. Kibandiko kilichoshonewa kwenye nguo, kisicho na betri, huchota umeme wake kutoka uga huo na kurudisha namba yake ya pekee. Umbali ni sentimita chache tu. Kanuni ni ile ile inayotumika kusoma chipu ya pasipoti za kielektroniki, ambazo Kenya ilianza kuzitoa mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2018.

Kwa njia zote tatu matokeo ni mamoja: gauni lililoshonwa na bibi nyumbani, hata likiwa zuri kuliko la kiwandani, halina alama, basi kwa mwanasesere halipo. Watengenezaji hawakuona hilo kuwa tatizo. Tangu Ruth Handler wa Mattel alipomtoa Barbie mwaka 1959, biashara ya wanasesere imejua kwamba faida inayodumu iko kwenye kabati la nguo, si kwenye mwanasesere mwenyewe.

Historia

*Waliotangulia*

Mtangulizi wa mbali ni mwanasesere wa fonografu wa Thomas Edison, aliyeingia sokoni mwaka 1890. Alikuwa na urefu wa sentimita 56 hivi, kiwiliwili cha bati chenye matundu kifuani, miguu na mikono ya mbao na kichwa cha kauri. Tumboni mlikuwa na silinda ya nta iliyorekodiwa sauti ya mwanamke akighani mashairi ya watoto kwa kelele za kutosha kuchora nta. Mtoto alipaswa kuzungusha mkono wa chuma mgongoni kwa kasi ile ile bila kusita. Akichelewa, sauti ilizama, akiharakisha, ilipaa. Sindano ilichimba nta haraka, na baada ya siku chache kilichosalia kilikuwa mkwaruzo. Bei ilikuwa dola 10 akiwa na shimizi tu, zaidi akiwa amevalishwa kamili, kiasi kilichokaribia ujira wa wiki mbili wa mfanyakazi wa kawaida. Wanasesere wapatao 2,500 walipelekwa madukani, waliouzwa hawakufika 500, na ndani ya wiki chache biashara ikafungwa. Mwaka 2015 Hifadhi ya Taifa ya Thomas Edison ilitoa hadharani baadhi ya sauti hizo, zilizosomwa kwa picha za hadubini bila sindano kugusa nta. Wengi waliozisikia walikubaliana na wateja wa 1890 kwamba zinatisha.

Chatty Cathy wa Mattel, aliyetoka karibu na mwaka 1960, alikuwa na kisanturi kidogo tumboni na semi 11 zilizotamkwa na mwigizaji wa sauti June Foray. Alivutwa uzi, akasema alichoangukia.

Badiliko la kweli lilikuja na chipu. Mwaka 1987 kampuni ya Worlds of Wonder ya California, iliyokwisha kupata utajiri wa ghafla kwa dubu msimulizi Teddy Ruxpin, ilimtoa Julie. Huyu alitumia chipu ya Texas Instruments kutambua maneno machache ya mtoto, na alikuwa na vihisi vya mwanga na joto: chumba kikiingia giza au baridi, alisema. Alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye kutambua nguo, lakini hakuipiga. Kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Desemba mwaka huo huo.

*Amy na Amanda*

Playmates Toys, kampuni yenye asili ya Hong Kong na ofisi California, ilimtoa Amazing Amy mwaka 1998. Alikuwa na saa ndani yake, akajua asubuhi na usiku, akadai chakula na kubadilishwa nguo, na alitambua alichopewa. Mwenzake, Ally, alifuata.

Amazing Amanda aliingia madukani mwaka 2005 kwa takriban dola 100, bei iliyowashangaza wazazi wa wakati huo. Aliyembuni ni Judy Shackelford, mwanamke aliyewahi kushika wadhifa wa juu Mattel. Amanda alikusanya kwa pamoja mambo ambayo hadi hapo yalikuwa yametawanyika: uso wa mpira laini unaosogezwa na mota ndogo hata akaonekana kununa au kufurahi, utambuzi wa sauti uliotengenezwa na kampuni ya Sensory, kalenda inayojua sikukuu, na vibandiko vya RFID kwenye nguo, vyakula na poti yake.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Siku ya kwanza mtoto alifuata maelekezo ya Amanda na kuitikia kwa sauti, na sauti hiyo ikahifadhiwa kuwa ya mama. Mtu mwingine akijaribu kuzungumza naye, Amanda angeweza kusema kwamba hasikiki kama mama yake. Akiomba chakula fulani akaletewa kingine, alikitaja kilichokuja na kusema sicho alichokitaka. Akivishwa nguo mpya, alijua ni ipi.

Amanda aliuzwa vizuri msimu wake wa kwanza, lakini hakuzaa ukoo mrefu. Utambuzi kwa RFID ulihamia kwenye michezo ya video: Skylanders ya mwaka 2011 na sanamu za amiibo za Nintendo, mwaka 2014, zinatumia wazo lile lile, isipokuwa kinachotambuliwa sasa ni mwanasesere mwenyewe, na kinachomtambua ni mashine.

*Ujerumani na kwingineko*

Zapf Creation ya Rödental, Bavaria, watengenezaji wa Baby Born (1991) na Baby Annabell, walishikilia njia rahisi ya chuchu na chupa, na wanasesere wao wamedumu sokoni kuliko Amanda. Japani, Mell-chan wa kampuni ya Pilot hubadilika rangi ya nywele akiogeshwa maji ya moto. Hilo ni jambo la wino, si la umeme.

Matumizi shuleni

Mwaka 1993 mhandisi wa anga wa Marekani, Rick Jurmain, na mkewe Mary, walitazama kipindi cha televisheni kuhusu wanafunzi waliobebeshwa mifuko ya unga ili waonje ulezi. Jurmain aliona kasoro iliyo wazi: unga haulii usiku. Kutokana na hapo wakatengeneza Baby Think It Over, ambaye baadaye aliitwa RealCare Baby na sasa hutengenezwa na kampuni ya Realityworks ya Eau Claire, Wisconsin.

Ana uzito na urefu wa kichanga halisi, kilo tatu na sentimita 53 hivi. Matoleo ya mwanzo yalinyamazishwa kwa ufunguo uliofungwa kwenye kifundo cha mkono cha mwanafunzi kwa bangili isiyovuliwa bila kukatwa, ili mama mtu asimwachie dada yake zamu ya usiku. Matoleo ya baadaye yameuondoa ufunguo: bangili yenyewe ina chipu, na mwanasesere hutambua aliyemshika. Nepi zake zina vitambulishi, hivyo kuivua na kuirudisha ile ile hakumdanganyi. Hurekodi pia kama amebadilishwa nguo, joto la mahali alipokaa, muda aliokaa kwenye kiti cha gari, na kila mara kichwa kilipoachwa kining'inie. Wikendi ikiisha, Jumatatu mwalimu huunganisha kompyuta na kusoma yote. Kwa mtazamo wa ufundi, huyu ndiye mtambuzi kamili kuliko wote waliotajwa hapa, ingawa hakutengenezwa amfurahishe mtu.

Lengo lilikuwa kupunguza mimba za utotoni. Utafiti mkubwa uliolipima lengo hilo ulifanyika Perth, Australia Magharibi, katika shule 57, kwa wasichana wa miaka 13 hadi 15 walioandikishwa kati ya 2003 na 2006 na kufuatiliwa hadi miaka 20. Sally Brinkman na wenzake waliuchapisha katika jarida la The Lancet mwaka 2016. Kati ya wasichana 1,267 waliopitia programu ya mwanasesere huyo, asilimia 8 walizaa angalau mara moja, dhidi ya asilimia 4 ya 1,567 wasioipitia; waliotoa mimba walikuwa asilimia 9 dhidi ya 6. Mwanasesere, kwa maneno mengine, hakumzuia mtu. Kampuni ilipinga, ikidai kwamba programu ya Perth haikufuata mtaala wake. Wapo waliosema pia kwamba mtoto asiyeugua, anayesifiwa na kila mpita njia na kurudishwa Jumatatu, si onyo la kutosha.

Faragha

Nguo haina siri, ila mwanasesere anayesikiliza anazo. Februari 2017 mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani, Bundesnetzagentur, ilimpiga marufuku mwanasesere My Friend Cayla kwa kumhesabu kuwa kifaa cha upelelezi kilichofichwa, kwa kuwa simu yoyote iliyo karibu ingeweza kuunganishwa naye kwa Bluetooth bila neno la siri. Wazazi walishauriwa kumharibu. Watambuzi wa kizazi cha Amanda, wasio na intaneti, hawakuguswa na marufuku ya namna hiyo.

Afrika Mashariki

Wanasesere wa aina hii hufika zaidi kama zawadi kutoka kwa ndugu walioko ng'ambo, au ndani ya mabunda ya mitumba. Wa mitumba mara nyingi wameshapotezana na nguo na vyombo vyao, na mtambuzi asiye na vitu vyake ni mdoli wa kawaida mwenye nafasi ya betri. Wanaosema, wanasema Kiingereza au lugha nyingine ya huko watokako.

Wazo la kumfunza msichana ulezi kwa mtoto wa bandia si geni pwani. Miongoni mwa Wazaramo na Wakwere, mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti asichopaswa kukitupa ovyo, akakitunza kama mtoto. Vinyago hivyo sasa huonekana zaidi katika majumba ya makumbusho.

Hali ya sasa

Luvabella wa kampuni ya Spin Master ya Kanada, aliyetoka mwaka 2017, anatambua kijiko, chuchu, chupa na mwanakondoo wake wa kuchezea. RealCare Baby bado anauzwa kwa shule. Amanda hatengenezwi tena. Hupatikana kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika, na bei yake hutegemea kama nguo zake bado zipo.