Kiporo Wakati wa Vita

Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939, Uingereza ilitegemea sana vyakula viletwavyo kwa meli, nazo manowari za Wajerumani ziendazo chini ya maji zikawa zinazizamisha. Tangu Januari 1940 vyakula vilianza kugawiwa kwa kipimo, na mwaka huo huo sheria ikafanya kutupa chakula kuwa kosa. Ndipo kiporo kilipopata heshima. Viazi na kabichi vya jana vilipondwa pamoja vikakaangwa. Mkate mkavu ukaloweshwa, ukatiwa zabibu, ukaokwa. Mgawo ulidumu hata 1954. Haba na haba hujaza kibaba: kila tonge lililookolewa jikoni lilipunguza shehena ambayo mabaharia walihatarisha maisha yao kuivusha.