Kiti cha Kuunga na Kiti cha Kuchonga: Tofauti za Viti vya Kale kati ya Pwani, Bara na Delta ya Rufiji

Mijadala kuhusu viti vya kale vya Afrika ya Mashariki hukitanguliza kiti cha enzi cha Lamu, Pate na Siyu, kana kwamba ndicho kipimo cha viti vyote. Mkabala huo unaficha tofauti ya msingi, ambayo si ya nakshi bali ya namna ya kutengeneza.

Kiti cha enzi ni kiti cha kuunga. Fremu yake pana ya mbao nyeusi imeundwa kwa vipande vingi vilivyochomekwa, nafasi za kati zimesukwa kwa nyuzi, na mbao zimepambwa kwa pembe za ndovu au mifupa. James de Vere Allen, aliyekichunguza katika makala ya mwaka 1989, alikihusisha na hadhi na mamlaka. Unguja, matajiri wa karne ya 19 waliagiza pia samani kutoka India.

Bara, kiti cha mtemi wa Wanyamwezi kilichongwa katika gogo moja: kikalio cha duara, miguu mitatu na egemeo lenye umbo la mtu. Fundi akikosea, hana kipande cha kubadilisha. Kiti mashuhuri cha aina hiyo kimo katika makumbusho ya Berlin.

Delta ya Rufiji haikai vizuri katika mgawanyo huu. Mikoko yake, ambayo Wajerumani waliiwekea masharti ya uvunaji mwaka 1898, ilisafirishwa kwa majahazi hadi Unguja na Uarabuni ikiwa boriti. Urefu wa boriti ndio uliobana upana wa vyumba vya nyumba za mawe. Mti wa Rufiji, basi, ulibeba dari juu ya kiti bila kuwa sehemu ya kiti chenyewe.

Mtafiti anayeorodhesha samani za Mtunda au Kibiti kwa kipimo cha Lamu ataandika kwamba viti havikuwapo. Kosa hilo lina chanzo chake: wakusanyaji wa enzi ya ukoloni walitafuta viti vya watawala, si vigoda vya jikoni. Hata hivyo, mbuzi ya kukunia nazi, ambayo mwanamke huikalia akiwa kazini, ni mbao mbili zilizopitishwa moja ndani ya nyingine, hukunjuliwa na kukunjwa. Nayo ni kazi ya kuunga.