Tahadhari ya Mapema: Ya Kutolewa na ya Kuchukuliwa

Istilahi "mfumo wa tahadhari ya mapema" imezidi kusikika tangu Machi 2022, Umoja wa Mataifa ulipotangaza kwamba hadi mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe anafikiwa na taarifa za maafa kabla hayajampata. Ni mpangilio mzima wa vipimo, mawasiliano na watu unaofanya hatari ionekane ingali mbali, na walio njiani mwake wajulishwe wangali na nafasi ya kufanya jambo.

Wapo wanaosema "tahadhari ya awali". Mimi nashikilia "mapema". Cha awali hufuatwa na kingine, na msikilizaji anaweza kungoja tangazo kamili huku maji yakipanda. Mapema hupimwa kwa hatari yenyewe. Mkoa wetu wa Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, na ukame wake huja polepole. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ukimfikia mkulima wa Ikungi kabla hajapanda, anaweza kuchagua mtama au uwele badala ya mahindi. Mfugaji naye huuza ng'ombe kabla hawajakonda. Hapo mapema ni miezi. Kwa korongo linalojaa usiku mmoja, ni saa chache, pengine dakika.

Jirani zetu wa Katesh, kwenye barabara ya Singida kwenda Babati, waliionja tofauti hiyo kwa uchungu. TMA ilikwisha kutangaza ujio wa El Niño na mvua nyingi. Asubuhi ya Desemba 3, 2023, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80. Utabiri wa msimu hautaji mteremko wala saa. Pengo hilo lahitaji vipima mvua vinavyotuma takwimu vyenyewe kutoka mlimani, pamoja na kile ninachopendekeza tukiite tangazo la mnara: ujumbe mmoja unaorushwa kwa simu zote zilizo chini ya minara ya eneo fulani, bila kuhitaji namba ya mtu, na bila kukwama kwenye foleni kama arafa.

Kuhusu "tahadhari" yenyewe, asili yake ni Kiarabu, na huko hubeba maana ya mtu kujihadhari. Kiswahili kimeipanua: TMA hutoa tahadhari, wananchi huchukua tahadhari. Ndiyo maana inafaa kuliko "onyo", ambalo humalizika kinywani mwa anayeonya. TMA hupanga ngazi kwa rangi: angalizo ni njano, tahadhari ni chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Lakini rangi hizo hazimfikii bibi wa Mkalama mwenye simu ya kitochi na asiyejua kusoma. Anahitaji sauti, kwa Kinyiramba, kama mwenzake wa Ikungi anavyohitaji Kinyaturu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kamati hizo ni sehemu ya mfumo sawasawa na setilaiti, na zinastahili kutengewa bajeti. Kabla ya Novemba ziwe zimekwisha kuamua ni jengo gani lililo mwinukoni litakalofunguliwa, nani ana ufunguo, na nani atambeba asiyeweza kutembea.