Kibugu: Misimu miwili ya mvua na hatima ya kahawa

KIBUGU iko katika Kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda mlima zikiwa na unyevu, hupoa na kuangusha mvua. Ndiyo maana eneo hili hupata maji mengi kuliko nyanda kame za Mbeere zilizo chini yake.

Ingawa Ikweta iko karibu, joto halipandi sana kutokana na mwinuko. Mwaka hugawanywa na mvua. Masika huanza katikati ya Machi hadi Mei, na vuli katikati ya Oktoba hadi Desemba. Kati ya Juni na Agosti huwa na ukungu, manyunyu na baridi, Julai ikiongoza. Januari na Februari ni miezi mikavu.

Kahawa hufuata mpangilio huo. Ukavu wa mwanzo wa mwaka hulaza vichipukizi vya maua, na mvua ya kwanza ya kutosha huviamsha, maua yakachanua baada ya siku chache. Mvua ikija kwa vipande, maua nayo huchanua kwa mafungu, matunda yakaiva kwa nyakati tofauti na gharama ya uchumaji ikapanda. Baridi yenye unyevu nayo huchochea kuvu inayoozesha matunda mabichi. Aina za Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, na Batian, mwaka 2010, zilizalishwa ili kuikabili.

Mavuno makuu huangukia wakati wa vuli, msimu unaotawaliwa sana na hali ya bahari. Maji ya Pasifiki ya kati na mashariki yakipata joto kupita kawaida, hali iitwayo El Nino, vuli ya Afrika Mashariki aghalabu huzidi, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na 2023. Kahawa mbichi hukawia kukauka mezani. Yakipoa, La Nina, mvua hupungua. Hali hiyo ilichangia ukame mkali wa 2020 hadi 2022 nchini Kenya.

Uhusiano huo hufanya vuli itabirike mapema kuliko masika. Kwa mkulima wa Kibugu, utabiri wa Septemba una uzito zaidi kuliko ule wa Februari, ilhali ni masika yanayofungua maua ya zao lake kuu.