Watunzi na Barua Zao

Wasikilizaji wetu, zamani kijana wa Mabogini aliposhuka kwenda mbali kutafuta kazi, jamaa zake walingoja barua yake. Ikisha kusomwa, ama iliwekwa sandukuni, ama iliwashiwa moto jikoni. Leo twapenda kunena juu ya barua zilizowekwa.

Huko Italia alikuwako Giuseppe Verdi, mtunzi wa opera, yaani michezo ambayo wachezaji huimba maneno yao badala ya kuyasema. Mwenziwe Arrigo Boito alikuwa mtunzi wa opera naye, tena mshairi, akamwandikia Verdi maneno ya Otello. Mwaka 1884 gazeti lilimnukuu Boito vibaya, kana kwamba alijutia kutoutia mchezo ule muziki yeye mwenyewe. Mzee Verdi akaona uchungu, akataka kuyarudisha maneno yote. Ndipo Boito alipomwandikia barua ya adabu, akimsihi asiiache kazi, maana hapana mwingine awezaye kuitimiza. Moyo wa mzee ukatulia, na Otello ikachezwa Milan mwaka 1887.

Katika Kiswahili neno mtunzi latosha kwa mwenye muziki na kwa mwenye mashairi, kwa kuwa shairi letu huimbwa. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, tangu mwaka 1931 hata 1958. Humo twamwona mtumishi wa serikali mwenye jamaa ya kutunza, na huku akihangaikia vitabu vyake. Nyumba yake na kalamu yake havikuachana. Alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi la maombolezo. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe Utenzi wa Adili.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Barua zile mdogo wake alizihifadhi, zikapigwa chapa mwaka 2002, miaka 40 baadaye. Kama angalizichoma, tungalikuwa na vitabu, lakini mtu aliyeviandika tungalimjua nusu tu.

Nasi chini ya Kilimanjaro tunao walimu wa kwaya watungao nyimbo, nao huandikiana, ijapokuwa siku hizi ni kwa simu zaidi kuliko kwa karatasi. Maneno hayo ni mali. Basi tusiwashe jiko kwa karatasi za marehemu kabla hatujazisoma.

Kwaherini.